Mwanangu katoka borstal na makovu

Shangazi, mwanangu wa miaka 17 katoka borstal, kule wanakofungiwa vijana waliohukumiwa, majuzi. Jana nimeona mkononi alama mbichi za kujikata. Babake ataka kumfunga kamba, kisha amwite polisi. – Mama S., Likoni

Mama S., kamba hapana! Huyo ametoka kufungiwa. Na polisi wa nini? Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba hata kumshtaki aliyejaribu kujiua kunakiuka Katiba. Muulize waziwazi kama anawaza kufa. Swali halimtii wazo hilo. Visu na dawa ziweke mbali, usimwache peke yake, leo hii mfikishe hospitali. Afisa wa probesheni, yule anayewafuatilia waliohukumiwa, mwone wiki hii, akusaidie kumtafutia ufundi kabla vijana wa maskani hawajamrudisha kwenye wizi. Babake nitamwandikia kando.