Maswali ya Wenye Magari: Ukipiga Kompaundi Kila Mara, Unaimaliza Klia

Safari hii barua nyingi zimetoka Mtwara na Lindi na karibu zote zinalia na rangi ya gari. Nimechagua nne, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana naona ndo inawaumiza wengi bila kujua.

Fundi habari za kazi. Nina Harrier nyeusi, nakaa Shangani hapa Mtwara karibu kabisa na bahari. Vijana wanaoniosha hunipigia kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, kila baada ya miezi miwili hivi, inang'aa wiki mbili alafu mistari ya mviringo inarudi, na sasa kwenye boneti na paa yametokea mabaka meupe kama ngozi inababuka. Wao wanasema ni chumvi ya bahari. Ni kweli?

Hapana kaka, hapo chumvi inasingiziwa. Chumvi inakula chuma pale rangi ilipotoka, ila hayo mabaka ya juu ni klia imeisha, na iliyoimaliza ni hiyo kompaundi ikisaidiana na jua.

Gari kutoka kiwandani lina bati, juu yake praima (rangi ya msingi), juu yake rangi yenyewe, alafu juu kabisa klia, ambayo haina rangi na ndo inayozuia jua lisifike kwenye rangi. Sasa hiyo klia yote kwenye magari mengi ni kama maikroni 40 mpaka 50, yaani nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Kompaundi ina chenga za kusaga, inafanya kazi kwa kukata, mikwaruzo inapotea kwa sababu klia iliyoizunguka imeteremshwa mpaka usawa wa mkwaruzo. Ukifanya mara moja kwa kazi maalum, tena na mtu anayejua mashine, sawa, lakini ukifanya kila miezi miwili unakata kitu ambacho hakioti tena. Boneti na paa zinatangulia kuharibika maana ndo zinazolala juani kutwa.

Kwa hiyo hayo mabaka polishi haiyarudishi, usidanganywe, hapo ni kupuliza upya rangi na klia kwa boneti na paa tu. Milango na madigadi kama bado yako laini unaweza kuyaokoa leo leo kwa kuacha kompaundi.

Swali la msingi ni hiyo mistari inatoka wapi kila mara. Inatoka kwenye kuosha! Angalia kijana anavyofanya asubuhi, gari lina vumbi anachukua kitambaa kikavu anafuta, kila punje ya mchanga inaburuzwa kwenye klia. Au sponji imeanguka chini, anaiokota anaichovya kwenye ndoo ileile aliyosafishia rimu anaendelea na mlango. Rangi nyeusi inaonyesha yote hayo, nyeupe inaficha tu.

Mwambie aanze kumwagia maji mengi kutoka juu kwenda chini bila kugusa chochote, mchanga utoke wenyewe. Alafu ndoo mbili, moja ya shampuu ya magari moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hajakirudisha kwenye povu. Rimu ziwe na kitambaa chake. Afanyie kivulini, asubuhi au jioni, sio saa saba mchana ambapo maji yanakauka kabla hajafuta na yanaacha madoa. Kukausha atumie taulo la maikrofaiba. Na sabuni ya unga ya kufulia iachwe kabisa kwenye bodi, ile inaondoa waksi yote kwa mara moja.

Baada ya hapo ndo unapaka waksi. Haikati kitu, inakaa juu ya klia, na ni hiyo itakayosuguliwa na kuliwa badala ya klia. Paka nyembamba, kipande kwa kipande, subiri ifanye ukungu, futa. Ya kanauba hapa kwetu kwa jua hili na chumvi hii rudia kila mwezi mmoja au miwili, za kutengenezwa kiwandani hukaa zaidi. (Kanauba yenyewe ni nta ya majani ya mti jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, pande zilezile asili ya mkorosho, nimependa watu wa Mtwara walijue hilo.) Kujua kama waksi bado ipo mwagia maji, yakijikusanya matone matone ipo, yakitandaa yakalala imeisha.

Jambo la mwisho kwako wa Shangani, turubai. Usilifunike gari likiwa na vumbi, upepo wa kusi ukivuma turubai linacheza usiku kucha na hilo vumbi liko katikati linasugua. Bora gari safi lisilofunikwa kuliko chafu lililofunikwa.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, niko Newala, nina IST ya silva na kivuli nilichonacho ni mkorosho tu. Msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, gari linakuwa na unga wa njano, na msimu wa mabibo ndo kabisa linanata. Nifanyeje na sehemu nyingine ya kupaki sina?

Marahaba mwalimu wangu. Salfa haina shida kubwa ikikaa tu juu ya gari, shida ni pale unapoifuta kavu, kwa hiyo maji kwanza kama nilivyomwambia kaka hapo juu, hata kama ni ndoo moja tu maana najua Newala maji ni ya kutafuta. Ukiwa huna maji ya kutosha siku hiyo liache na vumbi lake, litakuumiza kidogo kuliko kitambaa kikavu.

Bibo ni jambo jingine. Maji yake yana asidi na sukari, likipasukia kwenye boneti jua likalichoma unapata doa limezama kwenye klia. Na likianguka na korosho yake ganda likapasuka, yale mafuta ya ganda ndo yanayobabua mikono ya wabanguaji, usiyaache yalale kwenye rangi. Kinyesi cha kunguru nacho ni hivohivo, masaa machache ya jua yanatosha. Weka kwenye gari kichupa cha maji na kitambaa laini, ukikuta doa lilazie kitambaa kilicholowa dakika kumi lilainike, alafu linyanyue taratibu bila kusugua. Utomvu uliokauka uguse kwa spiriti, ile wanayofutia ngozi kabla ya sindano, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, suuza, paka waksi pale ulipofuta. Kisu hapana, kucha hapana, thina hapana kabisa.

Na msimu wa mabibo, Oktoba mpaka Desemba hivi, kama unaweza kupata hata nguzo nne na makuti ya kuezekea mwalimu fanya hivyo, makuti ni rahisi kuliko kupuliza rangi.

Naweza kupaka mafuta ya nazi gari ling'ae? Jirani yangu Mikindani anafanya.

Linang'aa mpaka vumbi la kwanza. Mafuta yananasa mchanga, na kesho utaufuta pamoja na klia. Yaache jikoni.

Kaka, naendesha Probox nyeupe Lindi kwenda Dar kila wiki, mawe yamedonoa boneti na chini ya milango na vidoa vya kutu vimeanza. Nipige polishi?

Polishi haizibi shimo ndugu yangu. Pitisha kucha, mkwaruzo ukinasa kucha basi umeshapita uwezo wa polishi. Hapo kwako bati liko wazi na hewa ya pwani haikuhurumii, fanya wiki hii. Osha, kausha, kwangua kutu kwa kipande kidogo cha msasa mpaka uone chuma cheupe, gusa praima kwa ncha ya kijiti, iache ikauke, rangi tabaka mbili tatu nyembamba, klia, alafu lisioshwe siku chache. Namba ya rangi usikisie, nyeupe ziko nyingi, fungua boneti tafuta kibati cha Toyota palipoandikwa C/TR, mfano 040 ni nyeupe ya kawaida na 070 ni ile ya lulu.

Na chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji, mchanga ukiviziba maji ya chumvi yanalala ndani na mlango unaoza kutoka ndani huku nje unapiga waksi. Vizibue kwa kijiti kila ukiosha. Yakitoka maji ya kahawia mwone fundi bodi mapema, kabla hajafikia kukata bati.