Watajie Rafiki Zako Hata Vitabu Ambavyo Hujavisoma

Tukikutana watu tunaopenda kusoma, hatukosi kuulizana: "Siku hizi unasoma nini?" Swali zuri, nami hulijibu kwa furaha. Lakini kuna jingine ambalo limenifaa zaidi, na ni wachache wanaoliuliza: "Kitabu gani unacho nyumbani na bado hujakisoma?"

Kitaje, hata kama ni kile ambacho kila mtu anadhani umekwisha kukisoma. Mara nyingi pale pale kuna mwenzako anayekijua vizuri.

Kwangu mimi kilikuwa Nagona cha Euphrase Kezilahabi. Kilitoka mwaka 1990, ni chembamba, kwa kurasa zake unaweza kukimaliza jioni moja. Rosa Mistika nilikuwa nimeisoma, na mle unajua uko wapi: Ukerewe, nyumbani kwa Zakaria, baba mlevi asiyekawia kumpiga bintiye. Nagona hakikupi sakafu ya namna hiyo. Nilikuwa nikisoma kurasa za mwanzo, nakirudisha kabatini. Nilipokitaja mbele ya marafiki, dada mmoja anayefundisha fasihi sekondari akaniambia, "Usitafute kisa. Kisome kwa sauti, na usirudi nyuma hata pale usipoelewa." Akaishia hapo. Hakunifafanulia maana wala hakunidokezea mwisho. Nilifanya alivyosema, na kwa kweli yale maneno yakitamkwa yanakuvuta kwenda mbele, sentensi moja inaiita nyingine, mpaka unajikuta umefika. Nilipomaliza nikaanza kuitafuta Mzingile, iliyoifuata mwaka 1991.

Kwa hiyo mwenzako akishakisoma, muulize namna ya kukiingia. Muhtasari usimwombe. Ukishasimuliwa kisa chote, hamu inakatika na kitabu kinabaki pale pale kabatini.

Vile ulivyovisoma navyo vina namna yake ya kusimuliwa. "Kizuri sana, kitafute" haimsaidii mtu. Nilipotaka wenzangu wasome Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, sikuanza na Tuzo ya Nobeli aliyoipata Gurnah. Tuzo humfanya mtu akiheshimu kitabu bila kukifungua. Niliwaambia habari za Yusuf tu: mvulana anapandishwa treni na tajiri aliyezoea kumwona nyumbani kwao, hajui kwamba baba yake amemtoa rehani kwa sababu ya deni. Kabla sijaendelea, mmoja akauliza, "Wazazi wake walimwambia nini?" Huyo ndiye niliyempa kitabu.

Mpe anayeuliza. Ukimpa anayeitikia kwa adabu, kitakaa kwake hadi kipate vumbi, na urafiki utaanza kuona aibu. Ukiazimisha, piga picha ya mwenzako akiwa amekishika; simu itakutunzia sura na tarehe. Baadaye usimuulize atakirudisha lini. Muulize amefika wapi. Kama hajaanza, atakwambia mwenyewe, na pengine atakurudishia bila kinyongo.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Tusigeuze kushirikishana kuwa kurushiana softkopi kwenye makundi ya WhatsApp. Najua riwaya nyingi za zamani za Kiswahili hazipatikani madukani, na bei za zile zinazopatikana zinauma. Hata hivyo, kitabu kilichoazimwa kilinunuliwa mara moja na mtu fulani, mwandishi na mchapishaji wakapata chao. Faili linalorushwa kwa watu mia haliwapi kitu, na bado tunalalamika kwamba hakuna anayechapisha riwaya. Bora mchangiane, mnunue nakala moja, izunguke.

Mkikutana tena, jaribuni hivi: kila mmoja aje na kimoja alichomaliza na kimoja kinachomshinda kuanza. Anzeni na vinavyoshinda. Mazungumzo huchangamka zaidi, maana hakuna anayejionyesha, na mtu anapata nafasi ya kumsaidia mwenzake.

Changu kwa sasa ni Haini ya Adam Shafi, ya mwaka 2003, kuhusu waliotiwa ndani Zanzibar baada ya kuuawa kwa Mzee Karume mwaka 1972. Naiogopa kwa sababu ya mateso ya gerezani. Aliyeisoma anieleze aliyavukaje.