Jibu: Mtoto ameona video za vita vya Goma, nimwambie nini?

Dada, pole sana. Umesema mwanao wa miaka 7 aliona video za vita vya Goma, kule mashariki mwa Kongo (DRC), kwenye simu, na sasa kila usiku anauliza kama vita vitafika kwenu Mwanza.

Usimwambie "nyamaza, hayo ni ya wakubwa". Mimi nilifanya hivyo, mtoto akajijazia mwenyewe mambo mabaya zaidi. Muulize kwanza ameelewa nini. Wangu alidhani kila video ni vita vipya!

Kisha mjibu alichouliza tu, bila kumdanganya: Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, watu wengi walikufa, wengi wakakimbia. Mfungulie ramani, aweke kidole Goma na kingine Mwanza, aone Rwanda ipo katikati. Usimwapie kwamba vita haviwezi kuja kamwe. Mwambie leo tuko salama, na mimi nipo.

Akiuliza waliokimbia huenda wapi, mweleze kuhusu Nyarugusu kule Kasulu, Kigoma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1996 kuwapokea Wakongo. Wangu alitulia hapo hasa, aliposikia kuna anayewapokea.

Na hizo video zifute leo.