Umekulia kwenye uyoga? Nenda kambini kwanza kabla hujachuma wa ughaibuni

Mi nimekulia Mafinga. Kama umewahi kupita ile barabara ya Iringa kwenda Mbeya msimu wa mvua unajua ninachosema, akina mama na watoto wamejipanga pembeni na ndoo na visado vya uyoga wa njano wanayapungia mabasi. Sasa nilipohamia Kalifornia, mtu akaniambia kuna wikendi watu wanalipa hela kabisa kwenda porini kutafuta uyoga, nikacheka. Hela? Za uyoga? Bibi angenipa bure, tena na matusi juu.

Kambi yenyewe inaitwa SOMA Camp (nikajua wananitania, kumbe ni kifupi cha klabu yao, Sonoma County Mycological Association), inafanyika Januari ile wikendi ndefu ya Martin Luther King, maana huku mvua zinanyesha msimu wa baridi na uyoga ndo unafumuka. Nikaenda kwa kiburi, nisifiche. Nilijiona nitawafundisha.

Asubuhi mnagawanywa makundi mnaingia msituni, miti ya redwood mirefu mpaka shingo inauma, halafu mialoni. Saa ya kwanza nikaokota uyoga wa njano ndugu yake kabisa na ule wa Mafinga, harufu ileile ya tunda, nikafurahi kama nimekutana na mtu wa kijijini kwetu. Mbele kidogo chini ya mwaloni nikaona mwingine mkubwa, kofia pana inayong'aa kwa mbali kijani, chini mweupe msafi, nikaukata na kisu taratibu nikaweka kwenye kikapu.

Jioni kila mtu anamwaga alichopata kwenye meza ndefu wataalamu wanapanga na kuweka vikaratasi vya majina. Mama mmoja mtu mzima akaushika wangu, akaugeuza, akaniuliza, "Mguu wake uko wapi?" Nikasema nimeuacha kule. Hakusema kitu, akavuta sahani nyingine ambapo mtu alikuwa ameung'oa mzima, akapangusa udongo na brashi ndogo ya rangi, na chini pale kikatokea kifuko cheupe kama ganda la yai lililopasuka. Moyo ukashtuka, ila mi nilishtuka kwa furaha, nikamwambia kwetu tukiona hilo yai ndo tunajua tumepata! Maana ni kweli, kwenye misitu ya miombo kuna uyoga mkubwa mweupe unaotoka kwenye yai kama hilo na tunaula miaka nenda rudi. Mama wa watu akaniangalia, akageuza kikaratasi nikisome. Amanita phalloides. Huo ndo unaoongoza kwa kuua watu duniani.

Yaani bila ile meza ningeupika. Na sumu yake haitoki ukichemsha, wala ukikausha, wala ukimwaga maji ya kwanza kama tunavyofanya nyumbani. Unakula, utamu tu, masaa sita mpaka kumi na mbili huna habari, halafu tumbo na kutapika kusiko na mfano, kisha unapata nafuu unajua yameisha, kumbe ini ndo linamalizika. Uyoga wenyewe ni mgeni huko, uliletwa kutoka Ulaya na mizizi ya miti, Kalifornia unajulikana tangu miaka ya 1930. Waliodhurika wengi ni watu kama sisi, wahamiaji wa Asia ya kusini mashariki walioona unafanana na uyoga wa mpunga wa kwao. Sio wajinga, walikuwa wajuzi. Ujuzi wa pori lingine.

Kwahiyo ushauri wangu: usikate, chimbua mpaka chini kwenye udongo. Yale ya "mbona wadudu wameula" achana nayo, konokono anakula huohuo na kesho yuko hai. Weka kofia juu ya karatasi ufunike na glasi usiku kucha, asubuhi utaona vumbi lake, uyoga wa mpunga unaacha la pinki, ule muuaji jeupe. Kuushika hakuna shida, shida ni kuula. Na namba ya sumu ya Marekani iweke kwenye simu, 1-800-222-1222, usisubiri uumwe ndo upige.

Beba kikapu na mifuko ya karatasi, sio rambo, uyoga unatoka jasho unaoza. Vaa mikono mirefu kwasababu kuna mmea wa majani matatu matatu, ule upupu wa kwetu ni mtoto. Pia usichume kila hifadhi, kule pwani Salt Point ni moja ya chache za jimbo wanazoruhusu. Madarasa ya kutia nguo rangi kwa uyoga mi nilidharau, nikajuta, mwenzangu alitoka na skafu.

Usiku walitupa aiskrimu ya uyoga mdogo wa kahawia unaoitwa candy cap, ukikauka unanukia sukari iliyoungua. Nilipata wa kwangu kiganja kimoja, nikaupeleka mezani kwanza uangaliwe, wiki nzima begi langu likawa linanukia.

Picha ya ule muuaji nilimtumia mama WhatsApp. Akanijibu kwa sauti: "Mwanangu, huo si wetu kabisa huo? Umeutupa wa nini?"