Uliza Ujibiwe: Kwa nini AMPK inawaka hata kwa panya walioshiba?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma. Napima AMPK, kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti) inayowaka seli ikipungukiwa nishati, kwenye ini la panya. Kundi moja wamenyimwa chakula saa 16, jingine wamekula. Nikipima, makundi yote yanaonyesha fosfeti kwenye AMPK, alama kwamba imewaka, kwa wingi uleule. Je, kingamwili ninayotumia kuitambua fosfeti hiyo ni mbovu?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Usiilaumu kingamwili kwanza. Kati ya kumuua panya na kugandisha ini zilipita sekunde ngapi?

AMPK hufanya kazi kama mita ya LUKU inayolia kabla uniti hazijaisha. Haisubiri ATP, yaani nishati ya seli, ipungue sana, inatazama AMP, mabaki ya ATP iliyotumika. Kwenye seli iliyotulia AMP ni kama sehemu moja tu kwa kila mia za ATP. ATP ikianza kutumika, hubaki ADP, na kimeng'enya kingine huunganisha ADP mbili kupata ATP moja na AMP moja, kwa hiyo ATP ikishuka kidogo AMP hupanda maradufu kadhaa. AMP ikikaa kwenye kipande cha gama, kinasi huongezeka nguvu, kinasi nyingine iitwayo LKB1 huibandika fosfeti kwenye asidi amino yake ya 172, threonini, na fosfeti hiyo inakuwa ngumu kubanduliwa.

Damu ikisimama, oksijeni inaisha na yote haya hutokea ndani ya sekunde chache. Panya wako walioshiba walipata njaa mezani pako! Kuwaua kwa gesi ya kaboni dayoksaidi kunazidisha, maana wanakosa hewa kabla hawajafa.

Mtie panya usingizi, fungua tumbo, kisha ubane kipande cha ini damu ikiwa bado inapita. Tumia koleo la mabapa ya alumini lililotumbukizwa kwenye naitrojeni oevu (nyuzi hasi 196) hadi lilipoacha kuchemsha. Saga ini likiwa limeganda. Usiliyeyushe kwenye barafu. Unga uingie moja kwa moja kwenye bafa yenye floraidi ya sodiamu milimoli 50 kwa lita na pirofosfeti milimoli 5, ili fosfeti isibanduliwe. Sampuli zitunzwe nyuzi hasi 80, na umeme ukikatika usifungue jokofu hata kwa kuchungulia.

Kuzuia kingamwili isinate ovyo kwenye utando wa kupimia, tumia albumini asilimia 5 badala ya maziwa ya unga: kazeini yenyewe imejaa fosfeti. Pima pia AMPK yote, ugawanye AMPK yenye fosfeti kwa hiyo. Sisi tungeamini zaidi fosfeti kwenye serini ya 79 ya ACC, kimeng'enya ambacho AMPK hukibandika fosfeti, kwani inaonyesha kazi ambayo kinasi imeifanya kweli. Ila ACC ni nzito, zaidi ya kilodaltoni 260, na kipande cha alfa cha AMPK ni 63 hivi. Tumia jeli nyepesi na uihamishe usiku kucha kwenye baridi, la sivyo itabaki kwenye jeli nawe udhani haipo.

SWALI: Metformini, dawa ya kisukari ninayotumia, nayo huamsha AMPK? Nalima zabibu, jua ni kali.
Msomaji, Hombolo

JIBU: Ndiyo, kwa kupunguza kasi ya mitokondria za ini, ingawa panya wasio na AMPK kwenye ini nao hushuka sukari, kwa hiyo si njia pekee. Imeze pamoja na chakula. Ukiharisha au kutapika sana, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uulize kama uisimamishe kwa muda: mwili ukikauka figo hushindwa kuitoa, na asidi ya laktiki hujikusanya.