Tokeni ninayo, picha imekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mwaka 2021 nilinunua NFT (tokeni, yaani hati ya kidijitali ya umiliki) ya picha ya mtumbwi wa tanga ukipita mbele ya Jiwe la Bismarck. Hela ilikuwa faida yangu ya dagaa ya miezi miwili. Tokeni bado imo kwenye pochi yangu ya kidijitali, ila picha haifunguki, naona kisanduku cha kijivu tu. Walioniuzia hawapatikani. Nimeibiwa?
Msomaji, Igoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Tokeni hujaibiwa. Kilichopotea ni picha, na inaniuma kwamba hukuambiwa mapema kuwa hivi ni vitu viwili.

Nimekaa miaka mingi Mwaloni Kirumba nikiandika stakabadhi za dagaa. Karatasi ilisema: magunia sita, stoo fulani. Mwenye stoo akihama usiku, karatasi yako ni halali na dagaa huna. NFT nyingi ziko hivyo. Kuweka picha nzima ndani ya blokicheni ya Ethereum, lile daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, ni ghali mno, basi huandikwa anwani tu. Anwani hiyo hufungua faili fupi la maelezo, nalo hutaja anwani ya pili, ya picha. Seva ya muuzaji ikizimwa, huna pa kwenda. Soko la sarafu za kidijitali la FTX lilipofilisika Novemba 2022, NFT zilizotolewa pale zilipoteza picha, na linki zikawa zinafungua ukurasa wa habari za ufilisi.

Itazame tokeni yako kwenye kichunguzi cha blokicheni, tovuti ya kusomea daftari hilo, usome palipoandikwa tokenURI, yaani ile anwani ya faili la maelezo. Ikianza na https, huenda picha ilikaa kwenye seva ya mtu; jaribu kuitafuta anwani hiyo kwenye Wayback Machine, wanakotunza nakala za kurasa za zamani. Ikianza na ipfs, nina matumaini zaidi. IPFS ni mtandao wa kuhifadhi mafaili kwenye kompyuta za watu wengi, na anwani yake hutokana na faili lenyewe, kama alama ya kidole, kwa hiyo yeyote mwenye faili lile lile anaweza kulirudisha. Jaribu kwanza geti jingine la IPFS, yaani tovuti nyingine ya kufungulia mafaili yake, maana pengine ulilozoea ndilo lililofungwa. Mageti yote yakikataa, huenda hakuna tena anayelihifadhi faili.

Uliipakua picha siku uliyonunua? Nakala uliyowarushia rafiki zako WhatsApp haitafaa: WhatsApp huibana picha, na alama hubadilika. Skrinishoti pia haifai. Linahitajika faili la asili. Simu uliyotumia 2021, tafadhali, usiiuze wala kuifomati kabla hujaikagua.