Ultrasaundi au CT skani kuongoza sindano ya kuchukua kinyama cha pafu kwa ajili ya vipimo?

Inategemea uvimbe umekaa wapi. Kama umegusa ukuta wa kifua, ultrasaundi inatosha, na mimi ningeanza nayo: daktari anaiona ncha ya sindano ikiingia papo hapo, mgonjwa akivuta pumzi daktari anasubiri kidogo, tena haina mionzi. Ukiwa ndani, hata kukiwa na sentimita 1 tu ya pafu lenye hewa katikati, haioni kitu, maana mawimbi yake hayapenyi hewa. Hapo ni CT skani. Ila sindano ikishapita kwenye pafu lenye hewa, uwezekano wa hewa kuvuja kifuani unapanda, ndiyo maana mgonjwa hupigwa eksirei kabla ya kuruhusiwa. Uvimbe ulio jirani na njia kubwa za hewa ni habari nyingine, huo mara nyingi hufuatwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni au puani hadi kwenye njia za hewa.